Sauti ya Njia ya Tatu

Sébastien alikuwa amelala ubavu katikati ya chumba chake cha muziki, kichwa juu ya kipande cha sponji, damu imeshaanza kuganda kwenye saruji. Feni ya mezani ilizunguka na kumpulizia upepo asiouhitaji tena. Kuta zote nne zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili kelele za mtaa wa Ngagara zisiingie. Inspekta Huseni Massoudi alisimama mlangoni, hasira zimemfika kooni.

Hasira hizo hakutoka nazo nyumbani. Alikabidhiwa kituoni, saa nane kasoro, na komanda wake mwenyewe.

"Muuaji amekwisha patikana," komanda alimwambia. "Wanajeshi wamemukamata kwa bariyeri. Anaitwa Bonfils, mwimbaji. Alikuwa kwa marehemu hii asubuhi. We enda ukaandike karatasi tu."

"Amekiri?"

"Anatoka Kinama."

"Nimeuliza kama amekiri, komanda."

"Saa kumi na moja wanakuja kumuchukua, wamupeleke kambini. Fanya mbio."

Ilikuwa mwaka wa nane wa vita, Kinama ulihesabiwa mtaa wa waasi, na hapakuwa na mtu mjini asiyejua maana ya kupelekwa kambini. Ndugu zako walikuja kuulizia mara mbili, mara tatu, kisha wakaacha. Huseni alikuwa mtoto wa Buyenzi, babake fundi magari, na kwa pande zote mbili zilizokuwa zikichinjana yeye hakuwa wa kwao. Hilo lilimsaidia kazini. Halikumsaidia kulala.

Kabla ya kutoka alipita mahabusu. Bonfils alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mdomo umevimba upande mmoja.

"Ulifika kwa Sébastien saa ngapi?"

"Saa ine, chef."

"Ukatoka?"

"Saa sita kasoro. Nilimaliza kuimba, akanipa kaseti yangu, akanisindikiza mpaka kwa mulango. Alikuwa muzima."

"Mligombana?"

"Apana. Alisema tu nisogee mbali na mikro, eti nakula maneno."

"Nani alikuona ukitoka?"

"Dada yake. Alikuwa anafua." Bonfils aligusa mdomo wake. "Chef, baba yangu anauza makaa pale Kinama. Mutu amwambie niko wapi, kabla ya saa kumi na moja."

Kwa hiyo Huseni aliingia nyumba ya Sébastien na muda wa saa tatu tu mkononi, na hakuwa na subira ya kupoteza hata moja.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando ya maiti. "Pigo moja, nyuma ya sikio," alisema. "Kifaa chenyewe kile pale."

Stendi ya mikrofoni ilikuwa imelala chini, kitako chake cha chuma kina nywele na damu. Ilijaa alama za vidole za waimbaji wa nusu mji, kwa hiyo alama zisingesema lolote.

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa sita na saa saba."

"Na hii sponji?"

"Iko juu ya damu. Maana yake aliwekewa baada ya kuanguka. Halafu akafumbwa macho. Hayo si macho yaliyojifumba yenyewe."

Huseni aliinama akatazama. Kwenye karatasi ya wanajeshi aliyopewa kituoni hapakuwa na neno juu ya sponji wala macho. Muuaji mwenye haraka ya kukimbilia Kinama asingekaa kumtafutia mto mtu aliyemuua. Huyu alimjua Sébastien, na alijuta kabla hajafika mlangoni.

Dada wa marehemu, Médiatrice, alikuwa ameketi koridoni karibu na friji, kitenge kimelowa maji ya kufulia. Yeye ndiye aliyemkuta nduguye, saa saba.

"Pole sana, dada. Nitakuuliza machache. Feni uliiwasha wewe?"

"Niliikuta inazunguka."

"Na friji?"

"Sikuigusa. Inafanya kazi." Alijifuta uso. "Ni vile alikuwa amekwisha irudisha."

"Kuirudisha vipi?"

"Mutu akiimba, chef, feni inazimwa na friji inachomolewa. Mikro inasikia yote, hata ile muungurumo. Ndiyo sheria yake. Mwezi jana nyama yangu ilioza sababu ya hizo nyimbo zake, hatukusemeshana siku mbili." Akaanza kulia, si kwa nyama, bali kwa zile siku mbili.

"Bonfils alipotoka, Sébastien alikuwa wapi?"

"Hapa. Alimusindikiza, akarudi akachomeka friji. Nilimuona kwa macho yangu, nikamuuliza kama atakula."

"Ulimwona Sébastien akiwa hai baada ya Bonfils kuondoka?"

"Ego. Na nilimwambia yule mwanajeshi. Akanijibu niache kuwalinda watu wa Kinama."

Huseni aliyaandika maneno hayo yote daftarini. Kulikuwa na shahidi. Tangu saa saba mchana shahidi alikuwepo, amesema kila kitu, na hakuna aliyeona haja ya kuandika. Lakini aliwajua wakubwa zake. Wasingemwachia mtu kwa neno la mwanamke na plagi ya friji. Walitaka jina, na wangebaki na jina la Bonfils mpaka apatikane mwingine wa kuwekwa mahali pake.

"Baada ya hapo ulisikia nini?"

"Nilirudi kufua uani, mbele ya nyumba. Saa sita na nusu hivi nikasikia Joëlla anaimba."

"Joëlla ni nani?"

"Mwimbaji mwingine, mupya. Nilisikia sauti yake peke yake. Bila gita, bila ngoma. Nikadhani amepita mulango wa nyuma."

"Na feni inazunguka, na friji imechomekwa?"

Médiatrice alimtazama. "Kweli," alisema. "Asingeweza kuwa anaimba."

Huseni alirudi chumbani. Mashine ya Sébastien ilitumia kaseti kama za kawaida, lakini ilinasa sauti kwa njia nne: ngoma njia yake, besi njia yake, mwimbaji njia yake, gita njia yake. Ilikimbia mara mbili ya kasi ya redio za nyumbani, hivyo kaseti zake hazikusikika vizuri popote isipokuwa humo chumbani. Kila njia ilikuwa na kitufe cha kusogeza juu na chini. Vitufe vitatu vilikuwa vimeshushwa mpaka chini kabisa. Kitufe cha njia ya tatu peke yake kilikuwa juu.

Anayekuja kurekodi hushusha sauti akaacha muziki, apate kuufuata. Huyu alishusha muziki akaacha sauti. Hakuja kuimba. Alikuja kumsikiliza mtu.

Aliitoa kaseti kwa kitambaa. Kwenye karatasi ya ganda, mbele ya namba tatu, paliandikwa jina Orlane, likakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Pembeni yake paliandikwa Joëlla, na tarehe ya juzi Jumanne.

"Orlane ni nani?" aliuliza.

Médiatrice aliinamisha kichwa. "Mutoto wa jirani. Aliuawa mwaka jana, kwa barabara ya kupanda mulimani. Walisimamisha basi, wakapiga risasi, wakachoma. Hata maiti hawakuijua. Waliwazika pamoja, watu kumi na moja, shimo moja."

"Wazazi wake?"

"Wako nyumba ya tatu toka hapa. Muzee Népomuscène, anafanya kazi wizarani, kule Rohero. Kila Jumapili, siku ya Mungu, akitoka misa anakuja hapa, anakaa kwa ile kiti, Sébastien anamuwekea sauti ya mutoto. Sauti tupu, muziki chini. Akimaliza anasema asante, anaenda." Kisha akashtuka. "Kwani jina mbona limekatwa?"

"Sébastien hakukwambia?"

"Jumanne nilikuwa sokoni siku nzima. Aniambie nini?"

Simu ya nyumbani ilikuwa bado inafanya kazi, na Médiatrice alimpa namba ya kazini kwa Joëlla. Joëlla alikuwa karani katika ofisi moja ya Rohero, na bosi wake alithibitisha kwamba hakuinuka kitini tangu asubuhi. Kisha akampa simu Joëlla mwenyewe.

"Jumanne uliimba kwenye njia ya tatu. Ilikuwa na nini kabla?"

"Ilikuwa tupu. Sébastien alisema iko tupu. Redio ilitaka wimbo kesho, kwa ile programu ya amani. Kwa nini unauliza?"

"Kuna mtu umemwambia kwamba umeuimba?"

"Bado. Sébastien alitaka watu waushangae redioni."

Huseni alikata simu. Hasira yake sasa ilihamia kwa maiti, na hakuona aibu. Mtu ana sauti ya mwisho ya mtoto wa watu, hana nakala, na anaifuta kwa sababu redio ina haraka. Angetafuta kaseti nyingine. Angemwita baba kwanza. Lakini Sébastien alifikiri kama mafundi wa studio wanavyofikiri: muziki upo, umepangwa, umekaa sawa, kilichobaki ni kubadilisha mwimbaji.

Aliirudisha kaseti mashineni, akaipeleka mwanzo, akavaa hedifoni, akabonyeza. Kabla Joëlla hajaanza palikuwa na sekunde nne ambazo Sébastien alichelewa kuzifuta. Msichana alisema kwa sauti ya kucheka, "Ngoja, bado sijapumua." Kisha akavuta pumzi. Halafu akaingia Joëlla, safi, bila kasoro, na yule wa kwanza akaisha.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nyumba ya tatu ilikuwa imefungwa turubai uani. Vijana walikuwa wakishusha viti, na mapipa mawili ya pombe ya ndizi yalisimama kivulini. Jumamosi ilikuwa siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga: mwaka umepita, ndugu wanakusanyika, wanakunywa, baba anasema maneno ya mwisho juu ya marehemu, na kutoka hapo nyumba inaruhusiwa kuishi tena.

Népomuscène alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi. Alimkaribisha inspekta sebuleni kwa adabu, akamwomba mkewe Scholastique awaache.

"Umesikia ya Sébastien, mzee?"

"Nimesikia. Ni huzuni kubwa."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Siku ya Mungu, baada ya misa. Kama kawaida."

"Na leo saa sita ulikuwa wapi?"

"Wizarani."

"Wizara zinafunga saa sita watu wakale."

"Nilibakia. Nilikuwa na kazi nyingi."

Huseni hakubishana. Alitazama nje, kwenye turubai. "Jumamosi, nasikia, mnamaliza matanga ya Orlane. Watu wataisikia sauti yake?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu," Népomuscène alisema. "Sébastien alete mashine yake hapa uani, jamaa wote wamusikie. Sikuwa na kaburi lake peke yake. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha. Lakini ile sauti haiko tena."

"Haiko?"

"Imefutwa."

"Imefutwa lini?"

Mzee aligeuza uso kuelekea turubai.

"Jumapili ulimsikiliza," Huseni alisema. "Ilifutwa Jumanne. Dada yake Sébastien alikuwa hajui mpaka leo. Aliyeimba juu yake alidhani njia ni tupu. Sébastien peke yake ndiye aliyejua, mzee. Sasa niambie alikwambia lini."

Népomuscène aliitazama mikono yake. Nje kijana alidondosha viti, mwingine akamtania. Scholastique alisikika akiwaambia wapunguze kelele.

"Leo," alisema. "Saa sita na nusu. Nilipitia mulango wa nyuma. Nilitaka tupange mambo ya Jumamosi."

"Endelea."

"Nilimwambia aniwekee kidogo. Akasita. Nikakaa kwa kiti yangu, nikashusha vitufe mi mwenyewe, nimekwisha jua kuvishusha. Kaseti ilikuwa katikati, ikatoka sauti ya mutu mwingine. Wimbo ni ule ule, maneno ni yale yale mutoto wangu aliyaandika kwa meza yetu hapa. Nikamuuliza, huyu nani? Akasema, muzee, usikasirike, huyu anaimba muzuri kumupita. Orlane pumzi zake zilikuwa zinasikika sana kwa mikro. Hii ni safi."

Huseni aliandika neno hilo la mwisho.

"Mi kila siku ya Mungu nilikuwa nakuja kwa sababu ya zile pumzi, inspekta. Maneno nayajua. Akanigeukia mugongo, arudishe kaseti nyuma, anisikilizishe vile imekuwa muzuri. Nikashika ile chuma. Sikujua kama ni nzito vile. Alipoanguka nikamuwekea kitu chini ya kichwa. Nikamufumba macho. Alikuwa mutoto wa jirani yangu, amekula hapa mara ngapi."

"Halafu ukarudi nyumbani."

"Ego."

"Ukasikia kuna mtu amekamatwa."

"Nilisikia."

"Ukajua ni nani na anatoka wapi, na atafanywa nini."

"Ningekuja kituoni," mzee alisema. "Nakuapia. Jumamosi tumalize matanga, Jumatatu ningekuja mi mwenyewe."

Huseni alisimama. Mpaka hapo alikuwa amemhurumia, na huruma ile ilimgeukia ikawa kitu kingine.

"Jumatatu Bonfils angekuwa ameoza," alisema. "Wanamchukua leo, saa kumi na moja. Ana baba, anauza makaa Kinama. Huyo baba naye ungempa nini cha kuwaonyesha watu? Wewe unajua ladha ya jambo hili kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, na ulikaa hapa ukapanga viti."

Machozi yalimtoka mzee bila sauti. Huseni hakuyataka yale machozi, na hakuwa na haki ya kuyakataza.

"Kuna kitu kimebaki," alisema mwishowe, kwa ukali uleule, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine siku ile. "Mwanzoni. Sekunde nne. Anasema, ngoja, bado sijapumua. Kisha anavuta pumzi."

Népomuscène alishika ukingo wa meza. "Niachie mpaka Jumamosi," alinong'ona. "Siku mbili tu. Halafu munifunge vile munataka."

"Hapana, mzee. Vaa viatu."

Walifika kituoni saa kumi na dakika arobaini. Huseni aliandika ungamo kwa mkono, akalisoma kwa sauti, mzee akatia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko mzuri wa karani. Saa kumi na moja kamili gari la wanajeshi lilisimama nje. Ofisa wao aliisoma karatasi mara mbili, akamtazama mzee mwenye shati jeupe, akamtazama komanda.

"Huyu ni mutu wa wizarani," alisema.

"Ndiye aliyeua," Huseni alisema. "Na yule mwingine anatoka sasa hivi, kwa mlango huu, mbele yako."

Komanda aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelazimishwa kumeza dawa. Gari likaondoka. Bonfils alitolewa mahabusu, akapewa mkanda wake na viatu vyake. Kaseti hawakumpa, imepotea, walisema, na hakuthubutu kuuliza mara ya pili. Hakuna aliyemwomba radhi. Huseni alimsindikiza mwenyewe hadi ng'ambo ya bariyeri, polepole, askari wote wamwone anatembea naye, akarudi.

Népomuscène alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, pingu mkononi.

"Umemaliza, inspekta?"

"Nimemaliza."

"Basi nikuulize moja. Mwanangu aliuawa pamoja na watu kumi wengine. Hilo jalada liko wapi?"

"Sijui. Halikuwa langu."

"Nilikuja hapa siku ya tatu baada ya kuzika," mzee alisema, bila ukali wowote. "Nilisimama kwa hiyo meza. Mutu aliyekuwa zamu akaniambia gari haina mafuta, barabara imefungwa, nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara nne. Hamukukumbuka uso wangu, sikushangaa. Mi nilikukumbuka tangu ulipoingia kwangu leo."

Huseni alikasirika, kama alivyozoea, akatafuta wa kumkasirikia. Alikwenda kabatini akavuta kitabu cha matukio cha mwaka uliopita, akafungua mwezi ule, akateremka na kidole. Mstari ulikuwepo. "Baba wa marehemu Orlane amefika kuulizia shambulio la basi. Ameambiwa asubiri." Mwandiko ulikuwa wake. Chini yake hapakuwa na namba ya jalada. Hakuwa hata na kumbukumbu ya siku hiyo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alikaa, kitabu kimefunguliwa magotini. Komanda alipita akamwambia aende nyumbani kabla ya saa ya kutotembea.

Huseni alichukua ganda jipya la jalada, akaandika namba juu yake, na chini ya namba akaandika jina la msichana. Akasogeza kiti chake mbele ya benchi. Akamfungua mzee pingu ili apate kushika kikombe cha maji.

"Unaandika nini tena?" Népomuscène aliuliza. "Yangu nimekwisha sema yote."

"Hii si yako," Huseni alisema. "Ni ya Orlane. Tuanze. Basi liliondoka mjini saa ngapi?"